Arobaini ya Msituni

Mwanamume anayepasua mbao kutwa hurudi nyumbani na unga wa mbao kwenye nywele, kwenye nyusi, hata ndani ya masikio. Mume wangu Athumani alikuwa akirudi safi. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi wa kwanza, na mimi Zainabu nikiingiwa na wasiwasi siulazi njaa. Naulisha mpaka unenepe.

Tulikaa Magamba, chini ya msitu, na mwaka ulikuwa wa pili baada ya nzige. Asubuhi Athumani alilima kabichi zetu, mchana alipanda msituni na jirani yetu Ernest kupasua mbao za miti mikubwa ya mikulo kwa Mama Klara, mjane wa Kidachi mwenye shamba la mapeasi. Athumani alikuwa pia muadhini wa msikiti wetu mdogo, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Watu walimheshimu. Mimi nilikuwa namheshimu na kumchunguza, vyote pamoja.

Basi nikachunguza. Nguo zake zilinuka kangaga mbichi, yale majani ya kwenye makorongo yasiyoliwa na mbuzi wala kuezekwa paa. Chini ya kucha zake palikuwa na chokaa. Nikajiuliza ni nyumba ya nani inayopakwa chokaa msituni. Nilipomuuliza mbao ngapi zimetoka wiki hiyo, alisema mvua imewachelewesha. Mvua gani? Tulikuwa tunachota maji kwa foleni.

Sasa niseme kilichonitisha, msije mkanidhania mwanamke wa wivu wa bure. Miezi saba nyuma tulifiwa na mtoto wetu wa kwanza, Salehe. Kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini, na siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, akaonyeshwa jua, watu wakampigia vigelegele. Nilikuwa nimeshanunua mbeleko ya siku hiyo kwenye duka la Mhindi Lushoto, ya njano yenye madoa mekundu. Salehe alikufa siku ya thelathini na tatu. Jua hakuliona isipokuwa siku waliyompeleka kaburini, na mimi sikuwapo, kwa sababu wanawake hawaendi makaburini. Shangazi zangu walinikataza kulia. Walisema mtoto mchanga ni malaika, hapigiwi yowe.

Athumani alirudi kutoka kuzika, akanawa mikono, akaenda kwenye kabichi. Tangu siku ile hakulitaja jina la Salehe hata mara moja. Nikaweka moyoni kwamba mtu asiye na uchungu wa mtoto wa kwanza atatafuta wa pili kokote. Sheria ilimruhusu wake wanne, na mimi nilikuwa sijamwachia hata mtoto mmoja wa kumwita baba. Nilichokiogopa kilikuwa hicho tu: kurudishwa kwa kaka yangu Abdallah, kifurushi kichwani, na mwanamke mwingine kukaa kwenye kigoda changu.

Kulikuwa na mtu wa tatu huko msituni. Jina lake Tovali, sisi tukamwita Tofali, naye akazoea. Mama Klara na marehemu mumewe walikuja naye kutoka visiwa vya mbali sana, bahari nyingine kabisa, ambavyo Wadachi walivitawala kabla ya ile vita kubwa. Alikuwa mweusi kuliko sisi, nywele zake kichaka, na Kiswahili chake kilipita kichwani mwa mtu kama mbuzi asiye na kamba. Watoto walimkimbia. Watu wazima hawakumkimbia, lakini hawakumwazima jembe. Mtu mweusi asiye na ukoo wala kijiji, anayekula nyumbani kwa Mzungu, utamwamini kwa lipi?

Athumani alimwamini. Alikuwa akimpelekea ndizi zangu.

Ijumaa moja, Athumani alipokwenda kuadhini, nilifungua sanduku kutafuta sindano. Mbeleko ya Salehe haikuwamo. Nilitoa kila kitu, nikakung'uta kanga moja moja, nikapekua hata chini ya kitanda. Mwizi asingeacha kanga zangu mpya akachukua mbeleko. Nilikaa sakafuni muda mrefu, na niliposimama miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Jioni nilimuuliza kama amefungua sanduku. Alitafuna tonge lake polepole, akasema, "Zainabu, kuna mambo hayaulizwi." Mwanamume aliyeonewa angefoka. Huyu aliinamisha kichwa tu, akamaliza ugali.

Jumanne Rahabu, mke wa Ernest, akaja kuomba chumvi. Rahabu akija kuomba chumvi ujue ameleta pilipili. Alisema ameamka na mzigo moyoni na hapendi kuvunja nyumba za watu, kisha akaivunja yangu moja kwa moja. Juzi alikuwa akifua nyuma ya banda la Mama Klara, akawasikia wanaume watatu wakinong'ona. Tofali alisema, "Mama tayari. Ijumaa mama anatoka, na mtoto wake." Athumani akajibu, "Ijumaa ndiyo arobaini ya mtoto." Ernest, mumewe huyohuyo, akasema mtu yeyote asijulishwe, hasa wanawake.

Nikamuuliza mama gani. Mlimani kwetu kila Mzungu wa kike ni Mama. Rahabu akacheka, akaniambia Mama Klara ana miaka sitini na meno ya kuazima, kama huyo ndiye aliyezaa basi tukamwite daktari kutoka Tanga. Kisha akaacha kucheka. "Kuna mwanamke amefichwa humo msituni, shoga yangu. Na mficha uchi hazai, lakini huyu kashazaa."

Nilihesabu baada ya yeye kuondoka. Mtoto wa arobaini Ijumaa hii alizaliwa mwezi uliopita. Aliyezaa mwezi uliopita alishika mimba nikiwa mimi mwenyewe na tumbo la Salehe. Kwa hiyo wakati naandaa mbeleko, mume wangu alikuwa na tumbo jingine linalokua mahali pengine, na sasa mbeleko ya mwanangu imekwenda kumbeba huyo.

Kesho yake nilimfuata. Nilichukua kamba ya kuni ili nikionwa niwe na la kusema, nikapanda kwa mbali mpaka ng'ambo ya korongo. Walikuwa wamejenga kibanda na kukizungushia ua wa matawi mazito, huoni ndani hata kwa tundu la sindano. Nilichuchumaa nyuma ya gogo. Tofali alikuwa akiimba kwa lugha yake, sauti ya puani. Kisha nikasikia sauti ambayo ningeijua hata nikiwa maiti, maana huniamsha kila alfajiri.

"Umfunge vizuri, lakini usimlemee," Athumani alisema. "Bado mdogo."

Alisema hivyo kwa upole ambao mimi sikuwa nimeupata kwa miezi saba. Nilishuka mlima bila hata ukuni mmoja.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa kaka Abdallah, nikamwamkia shikamoo, nikalia, nikamweleza yote: mwanamke, kibanda, mtoto atakayetolewa Ijumaa. Nilimwomba kitu kimoja, anisimamie nikadai haki yangu mbele ya watu. Abdallah ni mtu ambaye hasira humtangulia mlangoni. Alimweleza kaka wa mkewe, naye akawaeleza waliokuwa gulioni, na gulioni neno halilali. Alhamisi mchana lilinirudia limeota pembe. Eti Mdachi na yule Tofali ni mumiani, wana mtoto wamemfungia msituni, Ijumaa anatolewa damu ikafanywe dawa. Ukiuliza nani kasema, jibu ni kwamba lisemwalo lipo.

Ningeweza kusimama nikasema si hivyo. Nakiri kwamba sikusema. Nilikuwa na hasira, na hasira ilitaka kampani.

Ijumaa saa saba adhana ikatoka msikitini kwa sauti ya mwingine, kijana mwenye mafua. Watu walitazamana. Maalim Omari, imamu wetu, mzee mkali anayehesabu safu kwa macho, aliswalisha bila kuuliza kitu. Baada ya swala aliuliza. Hakuna aliyejua alipo muadhini. Abdallah akasema yeye anajua, akaelekeza kidole msituni.

Tulipanda watu kama hamsini, wanaume mbele na mapanga, sisi wanawake nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya miti. Rahabu alinishika mkono, nikautoa. Kabla hatujafika tulisikia ngoma, pigo moja moja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Uwanjani alikuwapo Ernest peke yake, amekaa kwenye gogo, ngoma mapajani. Alipotuona alibadilika rangi, lakini mikono haikuacha. Abdallah akamuuliza yuko wapi mwanamke. Ernest akasema, "Anatoka."

Ua wa matawi ukafunguka, akatoka. Alikuwa majani matupu toka mabegani mpaka magotini, duara juu ya duara la kangaga, mwili mnene usio na mikono. Juu yake kichwa kirefu chenye ncha, cheusi, hakina mdomo, kina macho mawili makubwa ya mviringo ya chokaa. Alitembea kwa hatua fupi za kurukaruka na majani yakawa yanapumua. Mapanga yote yakarudi nyuma hatua tatu. Mimi pia nilirudi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamke mwenye nywele na shingo ya kukabwa, nikakuta hiki.

Abdallah akapaza sauti kuuliza ni nini hicho. Ernest alijibu huku akipiga, na alijibu kwa haraka ya mtu anayejua mapanga yana masikio mafupi. Akasema huyo ndiye Mama. Kwao Tofali wanamwita Tubuani. Barua imemfikia Tofali kwamba mjomba wake aliyemlea amekufa, na kwao maiti haachwi hivihivi, lazima Mama atoke amchezee. Mama hafi. Huzaa watoto, na watoto hucheza siku yao wakafa, naye huzaa tena. Aliyemo ndani ya majani hatajwi jina, maana akiwa humo si mtu wa jina. Akitajwa, ngoma imekufa na maiti amekosa.

"Na huyo mtoto?" Maalim Omari aliuliza.

Ernest alinitazama mimi, si Maalim. Kisha akainamia ngoma.

Mtoto akatoka. Majani yake yalikuwa mapya zaidi, kichwa chake kifupi, na macho ya chokaa yamechorwa na mkono usiozoea, moja kubwa kuliko lenzie. Kuzunguka kile kichwa ilifungwa mbeleko ya njano yenye madoa mekundu.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu iliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Mbeleko ilitoka sandukuni Ijumaa iliyopita. Salehe alikufa siku ya thelathini na tatu. Tangu Ijumaa ile hadi hii ni siku saba. Athumani alikuwa amemweka Salehe ndani siku zake zilizobaki, kwenye kile kibanda cha matawi, na leo zimetimia. Hapakuwa na mwanamke. Arobaini ilikuwa ya mwanangu.

Mama wa majani alisogea kando, mtoto akaingia katikati ya uwanja. Alicheza vibaya, niseme kweli. Alichelewa pigo, akajikwaa, akageuka upande usio wake. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, jua likampiga kichwani, na akaanza kucheza kama mtu aliyeitwa.

"Vueni majani hayo," Abdallah alisema, akasogea na panga. Mtu mwingine nyuma akasema vueni, tumwone mumiani. Maalim Omari akanyanyua fimbo kuwazuia, na kwa nafuu hiyo nilimshukuru sekunde moja tu, kwa sababu alichosema baadaye kilikuwa kibaya zaidi. Alisema mgeni Tofali ana dini yake na Mungu atajuana naye. "Lakini kama aliyevaa mizimu ya watu ni muadhini wangu, hataadhini tena, na akifa hatutamzika." Kisha akanigeukia. "Zainabu, wewe ndiye uliyeleta mashtaka. Mke humjua mumewe hata ndani ya gunia. Ni yeye?"

Watu wote wakanitazama. Mtoto hakuacha kucheza, lakini nyayo zake zilipunguza kishindo, kama anayesikiliza. Nilizitazama zile nyayo. Nilizijua. Nilikuwa nimezikanda mafuta miaka minne. Nilikuwa na haki ya kusema ndiyo, na ndiyo yangu ingekuwa kweli, na wiki nzima nilikuwa nimeitafuta kweli hiyohiyo.

"Simjui," nikasema.

Abdallah akasema nimerogwa. Maalim akanitaka niape.

Niliogopa, kwa sababu mimi si mtu wa kuchezea kiapo. Nikasogea mbele mpaka nikawa karibu na majani, nikasikia pumzi ya mtu humo ndani. "Wallahi, Maalim," nikasema, "huyu si mume wangu. Huyu ni mtoto."

Maalim Omari alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu aliyezika watu wengi, pamoja na mwanangu, na sijui aliona nini usoni mwangu. Akateremsha fimbo, akasema kiapo kimetolewa, mwenye shaka abaki nayo. Hakuondoka. Wengine waliona haya kuondoka mbele yake, wakabaki pia, mapanga yameelekea chini.

Pigo la Ernest likaanza kupungua. Mama wa majani akaimba kwa ile sauti ya puani, akamzunguka mtoto mara moja, na nikaelewa bila kuambiwa kwamba sasa ndipo mtoto anapotakiwa kulala chini. Ngoma ikanyamaza. Mtoto akaendelea kucheza. Mama akamzunguka mara ya pili, akaimba upya, na yule mtoto bado aliruka kwenye kimya, majani yakimpukutika. Mara ya tatu Mama alimwegemea, bega kwa bega, akamsukuma taratibu. Mtoto akapiga magoti, akalala kifudifudi kwenye nyasi, hakutikisika tena.

Nikapiga yowe. Sikulipanga. Lilikuwa limekaa miezi saba na lilitoka na jina lake, Salehe, mara nyingi, mpaka nikasikia Rahabu amelidaka, na wanawake wengine nyuma yake, Waislamu kwa Wakristo, wakalia msiba ambao kijiji hakikuwahi kuulilia. Hakuna aliyenikumbusha habari za malaika.

Athumani alirudi baada ya magharibi. Alikuwa ameoga mtoni, kucha zake safi, bila hata chembe ya chokaa. Nilimpa maji ya kunawa, nikaweka ugali na mboga ya kisamvu, nikakaa upande wangu. Abdallah hajaniamini mpaka leo, na akija kwangu hutazama miguu ya mume wangu kwanza kabla ya kumwamkia. Lakini usiku ule tulikuwa wawili tu, na lile jambo lisilotajwa lilikuwa limekaa kati yetu, limekunja miguu kama mgeni.

"Nasikia mlikuwa na mambo huko msituni," alisema, bila kunitazama.

Nikamwambia kuna mtoto alitolewa nje. Nikasema jua lilimpata, na watu walikuwa wengi. "Nasikia ngoma ilinyamaza, naye akaendelea kucheza."

Athumani aliweka tonge chini.

"Hakutaka kulala," akasema. "Zainabu, hakutaka kabisa."

Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili na akalia kwa sauti, yeye mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Nilisogeza kigoda changu nikakaa karibu naye.